Nani alimwambia mama kwamba maziwa yake hayatoshi?

Wandugu wasomi, leo tuache kidogo siasa na bei ya unga. Nataka tuzungumze historia, lakini historia ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amepitia na hakuna anayekikumbuka: kunyonya.

Kuna hesabu moja ambayo haiachi kunisumbua. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2013-2014 (ile EDS ambayo wenzangu wa afya ya jamii wanaijua vizuri) ulionyesha kwamba wanawake 88 kwa 100 walipimwa mimba na mtu wa afya aliyesomea, angalau mara moja. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba watoto 98 kwa 100 walinyonya. Lakini watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wananyonya tu, bila maji, bila uji, bila kitu kingine, walikuwa 48 kwa 100.

Tazama vizuri hizo namba. Mama wa Kongo ananyonyesha, hakuna anayehitaji kumwambia ziwa ni la nini. Tena anafika kwenye CPN, anakaa kwenye benchi, anasikiliza. Kisha mtoto anazaliwa, na kabla ya miezi sita amekwisha kupewa maji. Katikati hapo kuna kitu kinapotea.

Wengi watajibu haraka: ni ujinga, wamama hawakufundishwa. Mimi nasema hapana. Wamefundishwa, tena sana, tangu wakati wa bibi za bibi zetu. Ila sehemu ya kile walichofundishwa ndiyo iliyowaondolea uhakika. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia, na naomba mnivumilie kwa sababu itazunguka kidogo.

Katika makabila mengi ya Kongo, zamani, mama alinyonyesha miaka miwili, mara nyingine mitatu, na kwa muda huo alijizuia na mume. Wengine walirudi kabisa kwa mama yao mpaka mtoto apate nguvu. Haikuandikwa mahali, lakini ilikuwa na hesabu ndani yake: ukipata mimba nyingine upesi, wa kwanza anaanguka. Wenzetu wa Tanzania wana neno moja tu kwa jambo hilo, kubemenda: mtoto anadhoofika kwa kuwa wazazi hawakungoja. Sisemi kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Kuna mahali maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, yalikamuliwa na kumwagwa kwa sababu yalionekana machafu, na leo tunajua kwamba ndiyo yanayomkinga mtoto kuliko kitu kingine chochote siku za kwanza. Kuna mahali mtoto alipewa maji ya dawa za miti tangu juma la kwanza. Lakini msichana alikua akiona. Aliona shangazi ananyonyesha, aliona dada, aliona jirani, aliona mtoto anayekataa ziwa na namna bibi anavyomgeuza upande wa pili. Siku yake ilipofika, mikono yake ilikuwa imekwisha kujua.

Sasa twende Ufaransa, kwa sababu dawa iliyoletwa kwetu ilipikwa kule.

Mwisho wa karne ya 19, katika miji ya viwanda ya Ulaya, watoto wachanga walikufa sana, hasa wakati wa joto. Mama alirudi kiwandani, mtoto aliachwa na maziwa ya ng'ombe yaliyokwisha kuharibika, na kuhara kulimmaliza. Mwaka 1892 daktari Pierre Budin alianzisha Paris siku za kupima watoto wachanga. Mwaka 1894 daktari Léon Dufour akafungua katika mji mdogo wa bandari, Fécamp, nyumba iliyoitwa Goutte de Lait, yaani tone la maziwa. Mama alikuja na mtoto, mtoto aliwekwa kwenye mizani, kisha mama alipewa chupa za maziwa yaliyochemshwa vizuri. Wote wawili walipenda ziwa la mama kuliko chupa. Chupa ilikuwa msaada wa yule aliyekosa. Kwa mahali pale na wakati ule, ilikuwa kazi nzuri, nasema bila kuficha.

Shida ilianza dawa iliposafiri na kufika kwa mtu ambaye hakuwa mgonjwa wa ugonjwa ule.

Mwaka 1912, miaka minne tu baada ya Kongo kutoka mikononi mwa Léopold II na kuwa koloni la Ubelgiji, Wabelgiji walianzisha Ligue pour la Protection de l'Enfance Noire, chama cha kulinda watoto weusi. Wakaleta siku za kupima, wakaleta mizani, wakaleta na lile wazo la tone la maziwa. Lakini jiulize: kijijini Kongo mwaka ule, nani alikuwa mama wa kiwanda? Nani alikuwa amemwacha mtoto na chupa? Hakuna. Hapa karibu kila mama alinyonyesha. Kwa hiyo dawa ikabadilishiwa kazi. Ulaya walilalamika kwamba mama ananyonyesha kidogo mno. Kongo wakaanza kulalamika kwamba mama ananyonyesha muda mrefu mno.

Juu ya nini? Juu ya watu wa kazi.

Sisi wa Katanga tunaijua hadithi hii kwa mwili, hata kama hatujaisoma. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na ilikuwa na njaa ya wafanyakazi. Iliwatoa mbali: Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na kuanzia mwaka 1925 hata Rwanda na Burundi. Wanaume walikuja peke yao kwa mkataba mfupi, wengi waliugua, wengi walikufa, waliobaki walirudi kwao, na kampuni ilianza tena kutafuta. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha siasa: mfanyakazi akae muda mrefu, aje na mke, wazae kambini. Mtoto wa kambi akikua, hakuna haja ya kumtafuta Lomami. Amekwisha kuwa hapa. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa wa siasa hiyo, aliandika mwaka 1946 kitabu kizima juu ya miaka ishirini ya kuitekeleza, na anaiandika kama mtu mwenye fahari na kazi yake.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Kampuni inataka watoto wengi. Mama ananyonyesha miaka miwili au mitatu na kwa muda huo hazai. Unaona mahali pa mgongano?

Mwanahistoria wa Marekani Nancy Rose Hunt aliandika juu ya jambo hili mwaka 1988, katika makala ambayo kila mwanafunzi wa historia, wa uuguzi na wa udaktari kwetu angepaswa kuisoma. Anaonyesha kwamba wakoloni waliliona ziwa la mama kuwa jambo la hesabu ya watu: kunyonyesha muda mrefu na kujizuia vilitazamwa kama sababu ya kuzaa kidogo, na kazi za kulinda watoto zikawa pia njia ya kufupisha muda ule. Katika kambi zilijengwa maternite, zikawekwa siku za kupima wajawazito, siku za kupima watoto, na mahali ambapo watoto walipewa chakula cha kuongeza. Masista na wanawake wa Kibelgiji walifundisha. Baadaye, katika foyer social, mke wa mfanyakazi alijifunza kushona, kupiga pasi, kupika na kulea mtoto "kisasa", yote katika programu moja.

Nataka niwe wa haki. Watoto wengi waliokolewa. Kambini kulikuwa na maji safi, na muganga karibu, na vifo vya watoto vilipungua sana. Bibi yangu mmoja aliyezaa kambini hakuwa na neno baya juu ya maternite yake. Alichokumbuka kuliko vyote ni mizani: namna walivyopanga mstari asubuhi, namna mtoto alivyowekwa mle ndani akilia, namna wamama wote walivyokaza macho kwenye ule mshale. Alisimulia akicheka.

Lakini huo mshale ndio ninaotaka tuufikirie. Kabla yake, mama alijua kwamba maziwa yanatosha kwa kumtazama mtoto: analala, anakojoa, anashika, anacheka. Baada yake, jibu lilikaa kwenye karatasi, na karatasi ilikaa mkononi mwa mtu mwingine. Mizani si mbaya, hata mimi ningeipeleka kila kijiji. Ubaya ni kwamba iliingia pamoja na mafundisho mengine mawili. La kwanza: nyonyesha kwa saa, kila baada ya saa tatu au nne, si kila mtoto anapotaka, kwa sababu ndivyo vitabu vya Ulaya vya wakati ule vilivyosema. La pili: ongeza kitu, na achisha mapema. Na aliyesema hayo alikuwa upande uleule wa kampuni iliyoshika posho ya familia: unga, samaki, mafuta. Mama mwenye mimba hakuwa mahali pa kubishana. Alijifunza kuitika.

Hapa inabidi tuingie kidogo katika mwili. Maziwa ya mama hayakai kama maji katika pipa, ambalo ukichota linapungua. Yanatengenezwa kwa kunyonywa. Mtoto akivuta, ubongo wa mama unatoa homoni iitwayo prolaktini, na ziwa linatengeneza mengine. Akivuta mara chache, linatengeneza kidogo. Kwa hiyo mwambie mama anyonyeshe kwa saa na aongeze uji, na baada ya majuma machache maziwa yatapungua kweli, na mama atasema: kumbe walisema kweli, yangu haitoshi. Shaka inajitengenezea ushahidi wake. Sijui mtego mwingine uliofungwa vizuri hivyo.

Na mnajua ni wamama wa wapi waliosaidia dunia kulielewa jambo hilo? Wa Kivu. Katika miaka ya 1970 watafiti Wabelgiji, Delvoye na wenzake, walipima damu ya wamama waliokuwa wananyonyesha kule, na mwaka 1977 wakaandika kwamba wale walionyonyesha mara nyingi kwa siku, zaidi ya mara sita, walibaki na prolaktini ya juu kwa muda mrefu, hata zaidi ya mwaka mmoja, na hedhi yao ilichelewa kurudi. Yaani ile hesabu ya mabibi, kwamba ziwa linaachanisha mimba, ilikuwa na homoni nyuma yake. Ilichukua chupa za maabara kusema kile ambacho mabibi walikuwa wakikifanya, na wakati huo tayari vizazi viwili vya wamama wa mijini vilikuwa vimefundishwa kinyume.

Kivu huohuo una neno bwaki. Wasomaji wa Bukavu hawahitaji maelezo: ni mtoto anayevimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, anakosa furaha. Kwa waganga ni kwashiorkor, jina ambalo daktari Cicely Williams alilichukua kwa watu wa Accra, kule Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na kulipeleka katika vitabu vya dunia katika miaka ya 1930. Katika lugha ya Kiga jina lenyewe linazungumza juu ya mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Mabibi wa Accra walikuwa wameandika ugonjwa na sababu yake katika neno moja. Williams huyohuyo, mwaka 1939 kule Singapore, alisimama mbele ya wafanyabiashara akasema wazi kwamba kuwasukumia wamama maziwa ya kopo yasiyofaa kwa watoto wachanga ni kuua. Hawakumpigia makofi mengi, nafikiri.

Maziwa ya kopo yanastahili insha yake, nitapita haraka. Baada ya vita vya pili makampuni yalitafuta soko jipya katika nchi zetu. Katika nchi nyingi wauzaji walivaa nguo nyeupe kama wauguzi na kuingia hata katika maternite. Mwaka 1974 shirika la Uingereza War on Want lilitoa kijitabu kilichoitwa The Baby Killer, mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na mwaka 1981 mkutano mkuu wa OMS ukapitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo: nchi 118 zilikubali, 3 zikajizuia, moja ikakataa, nayo ni Marekani. Nchi yetu, ilipoitwa Zaire, ilikuwa na faida ya ajabu: umaskini. Wengi hawakuweza kununua kopo. Lakini picha ya mtoto mnene juu ya kopo haikuhitaji kununuliwa ili ifanye kazi. Ilitosha kuiona dukani.

Kisha UKIMWI. Mwaka 1985 madaktari walitambua kwamba virusi vinaweza kupita katika maziwa, na kwa miaka mingi mama aliyekuwa nayo aliambiwa afikirie chupa. Mwaka 1999 utafiti wa Durban ulionyesha kwamba kilicho hatari zaidi ni kuchanganya ziwa na vitu vingine. Mwaka 2006, Botswana, mvua kubwa zilichafua maji, na watoto wengi waliokuwa wanakunywa maziwa ya kopo walikufa kwa kuhara. Ni mwaka 2010 tu ambapo OMS ilisema bila kuzunguka: mama atumie dawa zake na anyonyeshe. Haki wapewe madaktari, walikuwa wanatafuta njia gizani. Ila fikiria mama mmoja ambaye kwa miaka ileile amesikia, kwenye benchi lilelile la CPN, nyonyesha, usinyonyeshe, nyonyesha. Angetoa wapi uhakika?

Wakati wa staji yangu nilikaa nyuma katika mazungumzo ya asubuhi ya wajawazito, katika kituo kimoja cha afya. Wamama kama thelathini, joto, watoto wadogo miguuni. Muuguzi alisimama, akauliza: "Mutoto anyonye tu mpaka miezi ngapi?" Wote pamoja: "Sitaaa!" "Tunamupa mayi?" "Hapanaaa!" Makofi. Dakika kumi, imekwisha, fishi zikaanza kuitwa. Mama mmoja kijana, mimba yake ya kwanza, aligeuka kwa jirani yake akamwuliza polepole: "Na kama maziwa haitoke?" Jirani akamjibu: "Itatoka tu, na isipotoka utamupatia mayi ya sukari." Swali lenyewe, lile la kweli, liliulizwa kwa kunong'ona, na jibu lilitoka kwa mtu asiyefundishwa. Muuguzi hakulisikia. Alikuwa peke yake kwa wamama wote wale, simlaumu.

Nilipolisikia swali lile ndipo nilipoelewa kwa nini kuna watu wanaoandika juu ya kujiamini na si juu ya kujua tu. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba mtu hafanyi jambo kwa sababu analijua tu. Analifanya akiamini kwamba ataliweza, na imani hiyo ina chemchemi nne: kuwa amekwisha kulifanya, kumwona mtu kama yeye analifanya, kutiwa moyo na anayemwamini, na hali ya mwili wake, uchovu, maumivu, hofu. Muuguzi wa Kanada, Cindy-Lee Dennis, alilichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye kunyonyesha. Mwaka 1999, pamoja na mwenzake, alitoa orodha ya maswali 33 ya kupima mama anajiamini kiasi gani, na mwaka 2003 akaifupisha kuwa 14. Tangu hapo imetumika katika nchi nyingi, na inaonyesha mara kwa mara kwamba mama mwenye uhakika mdogo ndiye anayeacha mapema au kuongeza chupa, hata kama anajua majibu yote.

Soma tena zile chemchemi nne, kisha kumbuka yule msichana wa zamani aliyekua akimwona shangazi. Ya pili na ya tatu alikuwa nazo nyumbani. "Sitaaa!" haigusi hata moja.

Basi mafunzo ya wajawazito yanayojenga uhakika yanafanana na nini? Hayahitaji pesa nyingi. Mama aliyejifungua mwezi uliopita anaitwa kwenye benchi na mtoto wake, ananyonyesha mbele ya wenzake, anasema palipouma na alivyofanya. Mwenye mimba ya kwanza anapewa mdoli, hata wa vitambaa, ajifunze kushika: tumbo la mtoto kwenye tumbo la mama, kinywa wazi, ashike na sehemu nyeusi na si chuchu tu, kwa sababu vidonda vingi vya chuchu vinatoka hapo. Anaambiwa mapema mambo yatakayomtisha: kwamba siku mbili tatu za kwanza maziwa ni machache na ya manjano na ndivyo yanavyopaswa kuwa, kwamba tumbo la mchanga ni dogo sana, kwamba mtoto hupungua uzito kidogo kisha anaurudisha, kwamba atalia jioni bila kuwa na njaa. Anafundishwa alama anazoweza kusoma yeye mwenyewe: baada ya siku za kwanza, mtoto anayelowesha nguo mara sita au zaidi kwa siku anapata maziwa. Hiyo ni mizani isiyo na mshale. Na maji? Maziwa yenyewe ni maji kwa sehemu kubwa kabisa, zaidi ya 85 kwa 100, hata kwenye jua la Kalemie.

Na mama mkwe aitwe. Hili nalisema kwa sauti. Yeye ndiye atakayekuwa nyumbani usiku wa tatu mtoto akilia, si muuguzi.

Mnaweza kuniuliza kama haya yana matunda hapa kwetu au ni ndoto za vitabu. Mwaka 2012 Marcel Yotebieng na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kinshasa, walichukua vituo sita vya Kinshasa na kuvigawa kwa kura. Viwili viliendelea kama kawaida. Viwili vilifundisha wafanyakazi wake zile hatua za hospitali rafiki wa watoto, ambazo OMS na UNICEF walizitoa mwaka 1989, kuanzia ya 1 hadi ya 9, na ya 3 ndiyo inayohusu wajawazito. Viwili vya mwisho viliongezewa na ya 10, msaada baada ya kutoka maternite, pamoja na vipeperushi. Matokeo yalitoka katika Lancet Global Health mwaka 2015. Mtoto alipofika majuma 24, waliokuwa bado wananyonya tu walikuwa 12 kwa 100 katika kundi la kwanza na 36 kwa 100 katika la pili. Mara tatu, katika mji uleule, kwa wauguzi walewale wa mishahara ileile tunayoijua.

Na kundi la tatu, lililoongezewa karatasi? 14 kwa 100. Ndiyo, umesoma vizuri. Waliopata zaidi walirudi karibu na wale ambao hawakupata kitu. Ningependa kila anayeandaa kampeni katika ofisi yenye hewa baridi aibandike namba hiyo ukutani, pamoja na bei ya kuchapa vipeperushi.

Jambo la mwisho, dogo, lakini sisi wa historia tunapenda maneno. Hatua ya 3, katika maandishi ya mwaka 1989, ilisema wajawazito wote waarifiwe juu ya faida na namna ya kunyonyesha. Mwaka 2018 OMS na UNICEF waliziandika upya hatua zote. Ile ya 3 sasa inasema wafanyakazi wazungumze na wajawazito na familia zao. Kuarifu kukaondoka, kuzungumza kukaingia, na familia ikapewa kiti. Miaka 29 kwa kubadilisha kitenzi kimoja!

Nami nina ombi kwa wanafunzi wa historia na wa afya wanaotafuta mada ya TFC au ya mémoire mwaka huu. Mabibi waliozaa katika kambi za Likasi, Kipushi na Kolwezi kabla ya mwaka 1960 wamebaki wachache, na aliyezaa akiwa na miaka ishirini mwaka 1958 leo anakaribia tisini. Mwulizeni aliyefundishwa nini siku ya kupima, na nani, na kwa lugha gani, na alipofika nyumbani alifanya nini kweli. Rekodi na simu, andika jina la kambi na mwaka. Mwenye bibi wa hivyo aandike hapa chini, tupange nani anaanza na nani.